Klachi inayogonga kwenye pikipiki kongwe: kupiga tupa, kufunga upya, kununua hausingi mpya au kuhamia mkanda?

Kelele ya klachi kwenye pikipiki ya miaka ya sitini au sabini huwa kubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Kava ya upande ule ni aluminiamu pana na nyembamba, inavuma kama ngozi ya ngoma. Nyuma yake kuna hausingi, lile bakuli lenye vidole vinavyoshika pleti (sahani nyembamba za klachi), nalo linalia kwa kuguswa tu. Kitu kidogo kikilegea humo ndani, mwenye pikipiki anasikia maangamizi. Anaagiza hausingi mpya, anaingoja, anaifunga, anapiga kiki, na sauti iko pale pale.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Nilikuwa na pikipiki ya silinda mbili yenye kabureta mbili, ikiwa nyutro inagonga koko-koko-koko kama mtu anayetikisa kopo la misumari. Nilifungua klachi mara mbili. Mara ya kwanza nilibadilisha pleti, mara ya pili springi. Mara ya tatu nilikuwa nimeshamwaga oili ndipo nikakumbuka kwamba sijagusa kabureta tangu niinunue. Nikarudisha oili, nikazilinganisha kabureta, nikapandisha kidogo mzunguko wa chini (mwendo wa injini bila kupiga resi), na sehemu kubwa ya kelele ikaondoka bila bolti hata moja ya kava kuguswa. Iliyobaki ndiyo ilikuwa ya klachi kweli, na hiyo ndiyo iliyonifundisha kwamba njia za kuitibu hazilingani, hata kama wauzaji wa vipuri wanaziweka rafu moja.

Chanzo si kigumu kukielewa. Pistoni haisukumi krenki (shafti kuu ya injini) kwa nguvu moja mzunguko mzima. Inapiga, inapumzika, inapiga tena. Kila pigo, gia ya krenki inaisukuma gia ya hausingi. Kila pumziko, hausingi kwa uzito wake inataka kuendelea na mwendo wakati krenki imepunguza, na meno yanagongana upande wa pili. Ndiyo maana kati ya hausingi na gia yake kiwanda kiliweka springi fupi nene, au vipande vya raba, vinyonye ule mshtuko. Mzunguko ukiwa chini mno, au silinda moja ikivuta kuliko mwenzake, mapigo yanakuwa ya kuchechemea na springi zinazidiwa. Ukipiga resi, mapigo yanasogeleana na kelele inamezwa. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia yoyote hapa chini, linganisha kwanza kabureta. Wenye BMW za zamani za silinda mbili za ubavuni wanaijua hadithi hii vizuri: gia boksi inapiga kelele nyutro, dawa iko kwenye kabureta.

Iulize klachi kwa mkono wako

Weka nyutro, injini iwe moto. Sikiliza klachi ikiwa imeachiwa. Kisha bana hadi mwisho, hesabu tatu, achia taratibu. Ni jaribio la nusu dakika, na ndilo linaloamua utanunua nini.

Ikiwa inagonga ukiwa umeachia na inanyamaza ukibana, kuna watuhumiwa wawili, na watu wengi humkamata asiye na hatia. Klachi ikiwa imeshika, shafti ya kuingilia gia boksi inazunguka pamoja nayo hata kwenye nyutro. Ukibana, shafti inapunguza mwendo na kusimama. Kunyamaza kwake hakusemi kwamba klachi ndiyo mbovu. Kunasema tu kwamba kelele iko kwenye kitu kilichoacha kuzunguka au kilichobanwa. Sikiliza aina ya sauti. Mngurumo mfululizo unaopanda kadiri resi zinavyopanda ni beringi ya shafti, na hausingi mpya haitausaidia hata kidogo. Mgongo (yaani sauti ya kugonga) wa kukatika-katika unaobadilika ukigusa skrubu ya mzunguko wa chini ni springi za mshtuko kwenye hausingi, au meno ya gia.

Ikiwa ni kimya ukiachia na inapiga mluzi au kukwaruza ukibana, usifikirie hausingi kabisa. Hapo ni beringi ya kuachilia, au fimbo ya kusukuma, au ile goroli ndogo iliyo kati ya fimbo, yaani vile vinavyosukuma pleti ziachane ukibana. Mara nyingi aliyetangulia alikaza kebo hadi haina nafasi ya bure, beringi ikawa inabebeshwa mzigo mchana kutwa hadi ikakauka. Vuta fimbo nje utazame ncha zake. Ncha iliyogeuka rangi ya bluu, au iliyobonyea kama kichwa cha msumari uliopigwa sana, imekwisha. Hiki ni kipuri kidogo kuliko vyote vitakavyotajwa humu, na ukikikamata mapema unamaliza kazi kabla ya chai.

Ikiwa inachakarika ukibana tu, tazama kwanza kama klachi yako ni kavu au ya kuogelea kwenye oili. Kwenye Ducati zenye klachi kavu, mchakariko huo ni lugha ya kuzaliwa: pleti zimelegezwa, masikio yake (meno ya ukingoni) yanagonga vidole vya hausingi, na hakuna oili ya kuzinyamazisha. Kuna wanaozipenda kwa sauti hiyo hiyo. Kuitibu ni kutibu mtu asiyeumwa, isipokuwa kama imeanza ghafla au klachi inashtuka ukiondoka.

Ikiwa kelele ni mtetemo au mkoromo unaokuja pale tu unapoachia klachi ili uondoke, ni pleti: zimejipinda, zimeng'aa kwa kuungua, au zimekutana na oili isiyofaa. Nitazirudia.

Na ikiwa kubana na kuachia hakubadilishi kitu, toka kwenye klachi. Kwenye Honda CB750 iliyotoka 1969 nguvu ya krenki inatolewa na cheni mbili za ndani zenye kikaza chake, na mgongo wa cheni iliyolegea umeshawafanya wengi wafungue klachi nzima ya afya. Pikipiki za Uingereza za zama hizo, Triumph, BSA, Norton, nazo nyingi zina cheni ya ndani. Kwenye nyingi kati ya hizo cheni hutakiwa kucheza takriban milimita 10 katikati, lakini ipime ukizungusha injini mahali kadhaa, maana cheni kuukuu hainyooki sawasawa. Kipimo kichukuliwe pale ilipokaza zaidi. Ukikipima pale ilipolegea ukaikaza, utakuwa umeibana beringi ya krenki ili kununua ukimya.

Tazama pia nati ya katikati ya klachi. Ikilegea inagonga kama nyundo, na watu wamebadilisha hausingi nzima, wakakaza nati kwa kipimo kinachotakiwa, kelele ikaisha, sifa zote zikaenda kwa hausingi mpya.

Tupa: inatibu nini hasa?

Ukishafungua na kutoa pleti, pitisha ukucha kwenye vidole vya hausingi. Ukucha ukijikwaa, hizo ni alama za masikio ya pleti, yanayopiga pale pale miaka na miaka. Ushauri wa kwanza utakaoupata kwa yeyote ni kuzipiga tupa ziwe laini.

Ushauri huo si mbaya, ila unatolewa kwa ugonjwa usio wake. Alama hizo zinazizuia pleti kuteleza kwa ulaini, kwa hiyo klachi inang'ang'ania: ukibana haiachii vizuri, nyutro haipatikani ukiwa umesimama, na ukiachia inaruka badala ya kushika polepole. Tupa inaliponya hilo, na inaliponya vizuri. Lakini fikiria kilichotokea: umepunguza kidole, sikio la pleti ni lile lile. Pengo kati yao limeongezeka. Pleti sasa ina safari ndefu zaidi kabla ya kugonga. Kama ulifungua klachi kwa sababu ya kelele, tupa inaweza kuiongeza.

Ukiamua kuitumia, kuna mipaka. Alama nyepesi, chini ya nusu milimita, zinavumilia. Zaidi ya hapo unakula nyama ya kidole chenyewe, na kidole cha aluminiamu kilichokondeana siku moja hukatika na kuzunguka ndani ya injini. Tumia tupa bapa, iende sambamba na kidole, na toa kiasi kile kile kwenye kila kidole. Ukitoa zaidi kwenye kimoja, mzigo wote utabebwa na vile ambavyo hukuvigusa. Pleti mpya zina masikio yaliyonyooka na hurudisha sehemu ya pengo, kwa hiyo tupa bila pleti mpya ni kazi nusu.

Kufunga upya hausingi yako mwenyewe

Hii ndiyo njia ninayoipigia debe, na ndiyo ambayo watu huiogopa zaidi kwa sababu ya ribiti, zile pini za chuma zilizobanwa vichwa.

Toa hausingi, isafishe, ishike hivi: mkono mmoja kwenye gia, mwingine kwenye bakuli. Zungusha kama unayekamua nguo, mkono huu mbele, ule nyuma. Hausingi yenye afya haiendi popote. Springi zake ni ngumu, nguvu ya mikono haizibonyezi. Iliyochoka inacheza nyuzi kadhaa, tiki, tiki, kabla springi hazijashika, na wakati mwingine unaziona springi zinayumba kwenye madirisha yake (matundu yanayozishika). Sasa vuta gia juu na chini. Ikicheza upande huo pia, ribiti zimelegea. Na mwisho ivike kwenye shafti yake uitikise: kuyumba kidogo sana ni kawaida, kuyumba kunakoonekana kwa macho ni bushi au beringi ya katikati.

Dakika hiyo ya kukamua ina thamani kuliko maelezo yote ya muuzaji, kwa sababu inatenganisha magonjwa matatu yanayotoa sauti moja.

Kama ni springi au raba, kazi iko hivi. Nyuma ya hausingi kuna bamba la chuma lililoshikwa na ribiti. Weka alama katikati ya kila kichwa cha ribiti, toboa kichwa tu, usiingie ndani ya shimo la hausingi. Sukuma kiwiliwili cha ribiti kwa mashine ya kubana. Usipige nyundo. Aluminiamu ya kumimina haina uvumilivu, na ufa kwenye shina la kidole hautauona hadi siku utakapokudai. Ukiinua bamba, springi za zamani zitaanguka zenyewe, na hilo ni jibu tayari, kwa sababu springi nzima huwa zimebanwa zinapokaa.

Tazama madirisha kabla hujafurahia springi mpya. Kama springi ya zamani imekula kingo za dirisha hadi limekuwa na umbo la yai, springi mpya ya urefu wa asili italegea humo humo. Hapo njia hii imefika mwisho, usijidanganye. Kama kingo ni nzima, weka springi za urefu na unene ule ule. Wapo wanaoweka ngumu zaidi wakiamini zitadumu. Zitadumu, lakini mshtuko ambao springi imekataa kuunyonya unakwenda kwenye meno ya gia, na gia ni ghali kuliko springi.

Ribiti mpya ziwe za chuma, zijae shimo, zibanwe kwa mashine moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa kukabiliana, si kwa kuzunguka duara. Kabla ya kuondoa zile za zamani, pima vichwa vyake vimesimama urefu gani, kwa sababu nyuma ya hausingi pana nafasi finyu na kichwa kirefu kitakwaruza ukuta wa injini. Kuna wanaotumia bolti badala ya ribiti, zimetiwa gundi ya nyuzi na kupigwa patasi zisifunguke. Nimeona zikikaa miaka. Mimi hulala vizuri zaidi na ribiti.

Kisha osha. Osha tena. Unga wa kutoboa unajificha nyuma ya gia, na oili ya klachi kwenye pikipiki nyingi za Kijapani ndiyo hiyo hiyo inayolainisha krenki.

Kwenye Triumph na BSA kazi ni tofauti kidogo, kwa sababu kinyonya mshtuko mara nyingi kimo ndani ya kitovu cha klachi (sehemu ya katikati inayokaa kwenye shafti ya gia boksi): mabawa ya chuma yaliyozungukwa na raba kubwa za kuvuta na ndogo za kurudisha. Raba hizo zikisagika klachi inagonga na cheni inarukaruka. Kuzirudisha mpya kunahitaji mkono wenye nguvu na maji ya sabuni. Usitumie grisi, maana mafuta hula raba ya kawaida. Hausingi yenyewe inazunguka juu ya roli zisizo na fremu. Triumph za silinda mbili zina roli 20, na ukitoa hausingi bila kujiandaa zitakutawanyikia sakafuni. Zihesabu. Kuzibadilisha roli hizo peke yake hutuliza hausingi inayoyumba kwa gharama ndogo sana.

Faida kubwa ya njia hii haionekani kwenye bei. Gia yako inabaki na mwenzake wa krenki. Meno mawili yaliyosuguana miaka hamsini yameshajuana, na kwa baadhi ya pikipiki kiwanda kilizichagua kwa jozi, kila gia ikapewa alama ya kulingana na mwenzake. Ukiingiza gia ya ukoo mwingine unaweza kuondoa mgongo na kupata mlio wa kuvuma kama nyuki.

Hausingi mpya, na maneno matatu yanayochanganywa

"Mpya" kwa pikipiki kongwe ina maana tatu.

Kuna ya kiwanda iliyokaa stoo miaka mingi. Chuma chake ni kizuri, vipimo ni vyenyewe. Tatizo ni raba, kama inazo. Raba haihesabu kilomita, inahesabu miaka. Iliyokaa kwenye boksi tangu 1975 inaweza kuwa imekauka kuliko yako iliyokuwa ikioga oili. Bonyeza kwa ukucha, isiporudi, umenunua kelele iliyofungwa vizuri.

Kuna ya kuigwa, inayotengenezwa leo kwa mfano wa ile ya zamani. Nyingine nzuri, nyingine vidole vyake ni laini kiasi kwamba alama zinaonekana kabla ya mwaka. Kabla ya kuifunga vika pleti zote, uone kama zinashuka kwa uzito wake bila kukwama na bila kuyumba.

Kisha kuna ile inayochongwa kutoka kipande kimoja cha aluminiamu ngumu, ile inayong'aa kwenye picha. Ni imara kweli, vidole vyake havili alama upesi. Lakini soma vizuri kinachouzwa: mara nyingi ni bakuli tupu. Gia yako ya zamani unaihamishia humo, pamoja na springi zake au raba, na unaifunga kwa skrubu. Kwa hiyo aliyeinunua ili kuua mgongo wa springi zilizochoka ameuhamishia mgongo huo kwenye nyumba nzuri zaidi. Inafaa kwa mwenye hausingi iliyokatika kidole au yenye alama nzito. Kwa kelele ya springi, peke yake haifai kitu.

Ya mtumba nayo ipo. Ifanyie jaribio lile lile la kukamua, na tazama shina la kila kidole kwa taa ya pembeni. Muuzaji akikukataza kuikamua, achana nayo.

Mkanda

Kwa pikipiki za Uingereza kuna anayekuambia utoe cheni ya ndani na klachi ya oili, uweke mkanda wa meno na klachi kavu. Ukimya wa cheni ni wa kweli: mkanda haugongi, na oili haivuji kwa sababu haipo. Lakini umeondoa sauti moja na kukaribisha nyingine, kwa kuwa klachi kavu ndiyo ile inayochakarika ukibana. Sili za upande wa krenki lazima ziwe kamili, maana oili ikinyunyizia mkanda na pleti, klachi itateleza. Kwenye Triumph za silinda mbili za kuanzia 1970 injini inapumulia humo humo kwenye chumba cha cheni, kwa hiyo njia hiyo ya hewa lazima izibwe na kupewa mahali pengine. Na mkanda ufungwe umelegea kidogo injini ikiwa baridi, kwa kuwa joto linapotanua kava na gia zake mkanda haunyooki nazo. Ni badiliko zuri kwa anayependa kazi. Kama dawa ya kelele tu, ni kuhama nyumba kwa sababu ya mlango unaolia.

Nikiziweka bega kwa bega, zinaonekana hivi:

| Njia | Inatibu | Haitibu | Ugumu |
|---|---|---|---|
| Kabureta, kebo, nati, cheni | Kelele nyingi kuliko zote | Springi zilizochoka | Mdogo |
| Tupa na pleti mpya | Kung'ang'ania, kuruka | Kelele, huweza kuiongeza | Wa kati, unahitaji subira |
| Kufunga upya | Mgongo wa springi, raba, ribiti | Madirisha yaliyolika, ufa | Mkubwa, unahitaji mashine ya kubana |
| Hausingi nzima ya kiwanda au ya kuigwa | Karibu yote ya hausingi | Gia isiyooana, beringi ya shafti | Wa kati |
| Bakuli la kuchongwa | Vidole vilivyolika au kukatika | Springi za zamani zinazohamishwa | Wa kati |
| Mkanda | Kelele ya cheni ya ndani | Mchakariko wa klachi kavu | Mkubwa |

Pleti na oili

Pleti za msuguano za zamani zilikuwa na koki (ile ya kutengenezea vizibo vya chupa), na baadhi ya wenye pikipiki bado wanaipendelea kwa sababu inashika polepole bila kutetemeka. Koki haipendi kuunguzwa: mara moja ya kuteleza kwa muda mrefu na imekuwa mkaa. Bitana (tabaka la msuguano) za kisasa zinavumilia joto zaidi. Kwa kelele ya kuondoka, tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo kuliko tofauti kati ya pleti ya chuma iliyonyooka na iliyopinda. Laza kila pleti ya chuma juu ya kioo na upitishe fila geji (vibamba vya kupimia pengo) pembeni. Vitabu vingi vya Kijapani huweka kikomo mahali kati ya 0.1 na 0.3 ya milimita, na pleti iliyopinda kupita hapo haisuguliwi, inatupwa. Pleti mpya za klachi ya oili zilowekwe kwenye oili saa kadhaa kabla ya kufungwa. Ukizifunga kavu, kilomita ya kwanza itaziunguza.

Hadhari moja: bitana za miongo iliyopita zinaweza kuwa na asbesto. Usipulize vumbi la klachi kavu kwa upepo wa mashine. Lilowanishe, lifute, fungasha kitambaa, kitupe.

Kwa oili, tafuta iliyoandikwa JASO MA, kiwango cha Kijapani kilichoanza 1998 kwa ajili ya klachi zinazooga oili moja na injini. Ile ya magari inayojisifu kupunguza msuguano inapunguza pia ule msuguano unaouhitaji wewe. Oili nzito zaidi hufunika mgongo, na kuna mafundi wanaouza ukimya huo kama matengenezo. Klachi ikianza kung'ang'ania asubuhi utajua ulinunua nini.

Wenye Norton Commando wana tahadhari ya peke yao. Klachi yake haina springi ndogo nyingi, ina moja tu kama sahani, imebanwa kwa nguvu kubwa. Bila kifaa chake cha kuibana usifungue kile kipete. Ikiruka itavunja vidole, na safari hii si vya hausingi.

Kufunga na kusikiliza tena

Kushika kitovu wakati wa kukaza nati, usiingize bisibisi kwenye meno ya gia. Chukua pleti moja kuukuu ya msuguano na moja ya chuma, zifunge pamoja kwa bolti, ziingize mahali pake. Hausingi na kitovu vinashikana, nati inakazwa kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu, na hakuna jino lililoumia.

Springi za klachi zipime urefu kwa vernia, zibadilishwe seti nzima kama hata moja ni fupi. Kwenye klachi za Uingereza ambazo springi zake hukazwa kwa skrubu, bana klachi, piga kiki polepole, na tazama presha pleti (ile ya nje inayozibana nyingine) inavyozunguka. Ikiyumba kama sahani iliyopinda, legeza springi ya upande unaobaki nyuma au kaza ya upande unaotangulia kutoka, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, hadi izunguke imesimama wima. Marekebisho hayo ya dakika kumi huondoa mkwaruzo ambao wengine wameutafuta kwenye pleti mpya.

Ukishafunga kava, usisikilize injini ikiwa baridi, maana oili nzito ya baridi huficha. Ipeleke safari ya nusu saa, irudi moto, nyutro, kabureta ziwe sawa. Kama bado kuna koko-koko hafifu inayokufa ukigusa mafuta kidogo, na hausingi uliikamua kwa mikono yako ukaona haichezi, hiyo ni sauti ambayo pikipiki ilitoka nayo kiwandani.